Nilifumba Macho Tukiwa Hewani

Mshauri, habari ya kazi. Naomba uvumilie urefu wa barua hii kwa sababu nikiifupisha hutaelewa vile nimeteseka, na nisipomwandikia mtu leo nitapiga kelele humu ofisini waseme nimerukwa na akili. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, nyumbani ni Mau Narok, nimesoma diploma ya utayarishaji wa vipindi vya televisheni hapa Nakuru na nikapita vizuri, na kwa miezi mitatu sasa nimekuwa kwenye majaribio katika kituo kimoja cha runinga hapa mjini, jina nalificha, na Ijumaa hii saa nne asubuhi kuna kikao cha kuamua kama nitaandikwa ama nitarudi nyumbani, na vile mambo yalivyo naona ni nyumbani tu.

Chuoni tulifundishwa kuongoza kipindi, kuandika skripti na kuhariri, hata mradi wangu wa mwisho ulikuwa filamu fupi niliyoiongoza mwenyewe na mwalimu akasema nina jicho, kwa hivyo nilipofika hapa nilitarajia angalau nishike kamera, lakini Madam Lynn, ambaye ndiye mwongozaji wa vipindi, alinitazama kutoka juu hadi chini akaniuliza, "Unajua kukunja waya?" nami nikacheka nikidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Wiki tatu nzima nilikunja nyaya, mshauri, na wana njia yao, duara moja unalikunja hivi na linalofuata unaligeuza kinyume, ukikosea waya unajisokota na kesho yake unakataa kunyooka, na kila nilipokosea Kipketer, yule fundi wa sauti, aliufungua wote akauacha sakafuni akasema tu, "Rudia, Jep," ndivyo wanavyoniita hapa, na nikirudia yeye anaketi pale na kikombe chake cha chai ananingoja. Baada ya nyaya nikapewa betri, zilizojaa nizibandike utepe wa kijani na zilizoisha utepe mwekundu, halafu nikawa mtu wa kuwapelekea wageni maji na kuwasainisha zile fomu za kukubali kuonyeshwa, halafu nikapewa saa na karatasi niandike kila picha imeanza saa ngapi na kuisha saa ngapi. Hiyo ndiyo diploma yangu. Na mama kule nyumbani alishatangaza kanisani kwamba binti yake yuko kwenye TV, kwa hivyo kila Jumapili ananipigia, "Mbona hatukuoni? Ama wamekuweka nyuma?" nami namwambia vipindi vyangu bado havijaanza.

Wiki jana hatimaye nikapata nafasi. Dada anayesimama shambani kwenye kipindi chetu cha wakulima cha Jumamosi alienda likizo ya uzazi, na Madam Lynn akaniambia nitashika mahali pake. Kazi yenyewe ni hivi, kipindi kinaenda mubashara, Lynn anaketi ndani ya gari la matangazo akiona kila kitu kwenye skrini, mimi nasimama kando ya kamera nimevaa hedifoni, yeye ananiambia sikioni dakika ngapi zimebaki na mimi nawaonyesha mtangazaji na mgeni kwa vidole na kwa kibao. Na kumbe safari hiyo kipindi kilikuwa kinaenda kwetu kabisa, Mau Narok, kwa Mzee Kosgei mkulima wa viazi, ambaye ni mzee wa kanisa letu na ndiye aliyewaombea wazazi wangu siku walipooana, kwa hivyo unaweza kufikiria nilivyofurahi, nilijua majirani wote watakuja wanione na hedifoni kichwani nikielekeza watu, na mama alikuja kweli, na kitambaa chake kile cha harusi.

Mpango ulikuwa tuanze saa tatu kamili. Mzee aliambiwa avae nguo za shamba, lakini ilipofika saa tatu kasoro dakika tano bado alikuwa ndani, kumbe ameamua hawezi kutokea mbele ya taifa na gambuti, akatoka na suti na kofia ya kanisani dakika moja kabla ya kuanza. Nilijua ataomba. Kwetu hata mkutano wa maji hauanzi bila maombi, sasa runinga ije mpaka shambani kwake asiombe? Lakini hakuna aliyeniuliza. Shiko, mtangazaji wetu, akafungua kipindi akasema, "Mzee Kosgei, karibu utuambie mbegu yako unaitoa wapi," na mzee akavua kofia akasema, "Asante sana binti yangu. Lakini kwanza tumshukuru Mungu. Tufumbe macho."

Mshauri, nilifumba. Kila mtu alifumba, Shiko, majirani, akina mama waliokuja kutazama, nani angesimama mbele ya mzee wa kanisa akiwa ametoa macho? Akashukuru kwa ajili ya mvua, akawaombea wakulima, akaiombea bei ya mbolea, akawaombea wajukuu wake walioko Qatar mmoja mmoja kwa jina, akaiombea kaunti nzima, na huku Madam Lynn ananipigia kelele sikioni, "Jep, one minute tunaenda tangazo. Mwambie amalize. Jep! Unanisikia?" na nikaona ni kama mtu amefungua redio katikati ya ibada, nikaivua ile hedifoni polepole nikaining'iniza shingoni. Niliposikia Amina nikafumbua macho, nikamwona Kabiru, mpiga picha wetu, ameigeuza kamera anapiga picha ya ng'ombe wa jirani, na dakika saba zilikuwa zimeenda. Kipindi chenyewe ni cha nusu saa. Matangazo ya biashara yalipitwa, na daktari wa mifugo aliyetoka Ndabibi alfajiri akapewa nusu dakika peke yake. Lynn anasema hangeweza kuyakata maombi katikati, watu wangepiga simu mpaka wiki iishe, kwamba alikuwa ananitegemea mimi.

Saa tano tukipakia vitu alikuja akasimama mbele yangu, uso umemwiva, "Nimekuita mara kumi na nne. Ulikuwa wapi?" na mzee yuko pale, majirani wako pale, mama yuko pale na kitambaa chake, nikasema hedifoni ilizima. Ilinitoka tu. Sasa leo asubuhi Kipketer amepewa barua aeleze kwa maandishi kabla ya Ijumaa ni kwa nini alitoa chombo kibovu kwenye matangazo ya mubashara, na mkataba wake unaisha mwezi huu na watu wanasema baada ya hii hawatamwongeza, alikileta mbele ya kila mtu akakiwasha kikafanya kazi, wakamwambia bila shaka amekitengeneza jana Jumapili. Alikuja kwangu akaniuliza, "Jep, ilizima aje? Ile taa ndogo ilibaki ikiwaka ama ilizima pia?" nikasema sikumbuki, akasema sawa, akaenda zake. Lakini hayo ni mambo yao ya ufundi. Shida yangu mimi ni hii.

Naona ninapigwa vita kwa sababu ya imani yangu. Tangu Jumamosi Lynn hanisemeshi, na Shiko akipita anasema "Amina" wenzake wanacheka. Mama anasema haya ni majaribu na mchungaji yuko tayari kuja kuongea na wakubwa wa kituo. Nimeshaandika barua ya kuacha kazi niipeleke Alhamisi kabla hawajanifukuza, na nimeeleza ndani yake kwamba siwezi kufanya kazi mahali mtu anaadhibiwa kwa kufumba macho wakati wa maombi, halafu nifungue chaneli yangu ya YouTube niongoze vipindi vyangu mwenyewe. Ama nivumilie? Na unisaidie na hili pia, tangazo lao la kazi lilisema wanataka mtu mwenye ujuzi wa kuanzia, na mimi nina diploma, sasa huo ujuzi wa kuanzia ni upi ambao mimi sina? Tafadhali nijibu haraka, Ijumaa si mbali.

Ni mimi niliyechoka kabisa,
Jepkemei (si jina langu), Nakuru

*

Jepkemei,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilivua miwani nikaiweka mezani. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama, na mwenzangu wa habari za michezo hapa gazetini akaniuliza kama kuna mtu amefariki.

Nianze na huruma kabla haijaisha. Ni kweli inauma kusoma miaka miwili halafu ukabidhiwe betri za kubandika utepe. Inauma mama akiuliza kila Jumapili mbona huonekani. Na kufumba macho mzee akiomba si ujinga, ndivyo tulivyolelewa, hata mimi ningefumba na kichwa ningeinamisha. Hakuna mtu mwenye akili zake atakayekufukuza kwa hilo, na ukiisoma vizuri barua yako mwenyewe utaona hakuna aliyejaribu. Lynn hakukuuliza kwa nini uliomba. Alikuuliza ulikuwa wapi, na wewe ukamdanganya.

Huruma imeishia hapo.

Nyaya umeziandikia aya nzima. Suti ya mzee ina mahali pake, kitambaa cha mama kina mahali pake, hata ng'ombe wa jirani yumo. Lakini Kipketer, mtu mzima anayekaribia kupoteza kazi kwa neno lililotoka kinywani mwako, umempa mistari michache ukaifunga kwa kusema hayo ni mambo yao ya ufundi. Ufundi gani, Jepkemei? Chombo kilikuwa kizima. Kilikuwa shingoni mwako! Saa tatu ulifumba macho mbele ya Mungu kwa dakika saba, saa tano ya siku hiyo hiyo ukafungua mdomo ukasema uongo mbele ya mzee yule yule aliyeomba, na Jumatatu unataka mchungaji aache shughuli zake aje mjini kutetea imani yako. Imani ipi hiyo? Na Kipketer alipokuja mwenyewe kukuuliza, bila kukushuku, bila hata kuinua sauti, ukamwambia hukumbuki. Uongo wa Jumamosi naweza kuuelewa, ulibanwa mbele ya watu. Huu wa Jumatatu asubuhi ulikuwa na muda wa kutosha wa kuufikiria. Nimekukasirikia, na sioni sababu ya kukuficha.

Umeuliza ujuzi wa kuanzia ni upi. Kwa kuwa mimi si mtu wa televisheni, nilimpigia bwana mmoja aliyeifanya kazi hiyo miaka ishirini, nikamsomea barua yako bila majina. Akacheka mpaka nikalazimika kumngoja. Nilipofika pale pa Kipketer akaacha kucheka.

"Madam," akaniambia, "kamera nitamfundisha mtu two weeks. Kuhariri, mwezi moja. Lakini mtu wa kuniambia ukweli haraka tukiwa live, huyo lazima aje akiwa tayari. Kitu ikiharibika nataka kujua saa hiyo hiyo ndio nipange ingine. Huyo msichana angesema 'niliivua,' ningemgombeza, tungepanda gari, tungekula mahindi njiani, imeisha."

Umesikia? Imeisha. Ungekuwa umegombezwa Jumamosi saa tano na leo ungekuwa unakunja waya wako kwa amani.

Nikamuuliza na zile nyaya, maana hata mimi nilitaka kujua kama kweli wanakuonea. Akanieleza kwamba waya uliokunjwa ovyo leo ndio utakaofunga fundo kesho dakika mbili kabla ya kuanza, mgeni ameshaketi na kila mtu anautazama. Betri isiyo na utepe ndiyo inayokufa gavana akiwa katikati ya sentensi. Karatasi yako ya saa, ile unayoona ni kazi ya karani, usipoiandika vizuri mhariri atatazama picha za asubuhi nzima akitafuta maneno ya mtu mmoja. Fomu isiposainiwa kipindi chote kinaweza kuwekwa kando. Kila kitu ulichopewa kwa miezi mitatu kilikuwa cha namna moja, cha kumwondolea mwenzako shida kabla haijamfikia. Na huyo Kipketer, hebu mfikirie tena. Angeweza kuukunja waya mwenyewe kwa nusu dakika akaenda nyumbani. Badala yake aliketi na chai yake akangoja urudie mpaka upate. Hao wanaoiacha chai yao ipoe kwa ajili ya mwanafunzi si wengi, na wewe umempata mmoja ukamfanyia hivi.

Kilichonifanya nisimame, hata hivyo, ni maneno mawili uliyoyapitia mbio: "Nilijua ataomba." Ulijua! Katika watu wote waliotoka Nakuru asubuhi ile, na magari yao na mitambo yao, ni wewe uliyejua kwa hakika kwamba mzee wa kanisa hatafungua mdomo mbele ya umati bila kuomba kwanza, na kwamba akianza hamalizi kwa dakika moja. Ungemwambia Lynn siku moja kabla, "Madam, mzee ataomba, tumpangie nafasi saa tatu kasorobo majirani wakiwa wamefika," ungekuwa umekiokoa kipindi kizima. Hata alipochelewa na suti yake, ungebisha mlangoni useme, "Baba, tafadhali tuombe hapa hapa kabla kamera haijawashwa," na wewe ni mtoto wa pale, angekusikia. Chuo hakikukufundisha hilo, umelijua tangu ukiwa mdogo, na hakuna mwingine kwenye gari lile aliyekuwa nalo. Ukanyamaza nalo kwa sababu hakuna aliyekuuliza. Hakuna atakayekuuliza, Jepkemei. Anayeanza kazi husema kabla ya kuulizwa, hata kama sauti inatetemeka, hata kama wataona anajipendekeza.

Na mambo yalipoharibika bado ulikuwa na njia. Umekulia kanisani, usiniambie hujui mzee akirefusha hufanywa nini. Anapovuta pumzi, mtu mmoja nyuma husema "Amina!" kwa sauti ya kushiba, wawili watatu huitikia, na mzee mwenyewe anatambua ni wakati wa kufunga, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Nimeona harusi nyingi zikiokolewa hivyo. Macho ungeyafumba kama kawaida, lakini masikio ndiyo uliyokuwa umeajiriwa nayo asubuhi ile, na ukaning'iniza kazi yako shingoni.

Nikuambie kitu ambacho sijawahi kukiandika hapa. Mimi nilianza redioni, kazi yangu ikiwa kufungua bahasha za wasikilizaji, mwaka mzima bila hata kusogea karibu na maikrofoni. Mama mmoja aliandika akitafuta mwanawe aliyepotea, akaomba jina lisomwe hewani. Alipokuja kuuliza, nilitafuta haraka haraka nikaikosa, nikamwambia barua haikufika. Aliondoka akisema atawauliza watu wa posta. Wiki tatu baadaye niliikuta kwenye droo yangu, na badala ya kumtafuta nikaitia chini ya nyingine. Sijui kama alimpata mtoto wake. Ni miaka ishirini na sita sasa na nikikumbuka vile alivyonishukuru akitoka mlangoni nasikia vibaya. Ndiyo maana nina hasira na wewe kuliko pengine unavyostahili.

Sasa fanya hivi. Barua ya kuacha kazi ichane leo. Ukiondoka Alhamisi na maneno hayo ya imani, Ijumaa Kipketer atakabiliana na barua yake peke yake, mkononi ana chombo kizima ambacho hakuna anayemwamini kwamba kilikuwa kizima, na shahidi wake wa pekee atakuwa Mau Narok akifungua chaneli ya YouTube. Mchungaji mwambie asije. Hiyo YouTube itangoja, na hata huko kuna nyaya.

Mtafute Kipketer kwanza, kabla ya Lynn, mahali hakuna watu. Usianze na maombi, usianze na mama yako, usianze na vile ulivyoogopa. Mwambie, "Hedifoni haikuzima. Niliivua. Nilidanganya." Kisha nyamaza. Akikugombeza sikiliza, akikosa cha kusema usimjazie maneno. Halafu ingieni kwa Lynn pamoja na uyarudie yale yale, uyaandike kwenye karatasi, utie sahihi, na nakala impate aliyemwandikia Kipketer ile barua. Usiombe chochote siku hiyo. Usiulize kama utaandikwa. Ukishamaliza, mpigie mama umweleze kwa mdomo wako kabla majirani hawajamweleza, na usimwache aendelee kusema ni majaribu.

Inawezekana ukafukuzwa. Sikudanganyi. Una miaka ishirini na mitatu, utalia wiki mbili, utaomba kazi kwingine, na wakikuuliza unajua nini utawaambia kwa haki kabisa kwamba unajua kukunja waya. Kipketer ataanzia wapi, na barua kwenye faili inayosema aliharibu matangazo?

Sasa la mwisho. Hukunitajia kituo, na haikuhitajika. Jumamosi saa tatu nilikuwa sebuleni nikitazama, na mzee alipomaliza nikasema Amina. Majina yote nimeyabadilisha, lakini maombi yale yalionekana na kila mwenye runinga kutoka Mau Narok hadi Milimani, na hakuna jina nitakalolibuni likawazuia wenzako kuelewa ni nani anayezungumziwa hapa. Nilifikiria kuiweka barua yako mpaka wiki ijayo, mambo yapoe. Lakini wiki ijayo Kipketer atakuwa ameshahukumiwa.

Kwa hivyo nakutumia jibu hili kwa baruapepe leo Jumatano mchana, na jioni linakwenda kiwandani kuchapishwa. Kesho asubuhi gazeti litafika getini kwenu saa mbili na nusu, nimewauliza watu wetu wa usambazaji. Kipketer atalisoma kama kila mtu. Hakikisha ameshausikia ukweli kutoka kwako.

Mshauri Wangare